Jayapala: Historia ya Mbegu ya Tone Moja

Tone moja la mafuta yake, likiwekwa nyuma ya ulimi, humpeleka mtu mzima chooni ndani ya saa moja au mbili. Yakiongezwa matone machache, yanaweza kuua. Mbegu yenyewe ni ndogo, ya kahawia, ya umbo la yai, na kwa umbo inafanana na mbegu za mbarika. Si ajabu, kwa kuwa mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja, ukoo ambao pia una muhogo na mnyaa. Mti wake si mkubwa, na humea kuanzia India na Sri Lanka hadi visiwa vya Indonesia na kusini mwa China. Kwa Kisanskriti huitwa jayapala, kwa Kihindi jamalgota, na wataalamu wa mimea huuita Croton tiglium, jina alilolichapisha Linnaeus mwaka 1753.

Haluli zipo nyingi duniani. Watu wa pwani yetu wanajua sanamaki, wanajua mafuta ya mbarika, wanajua chumvi ya haluli. Jayapala ni ya daraja nyingine kabisa, na historia yake inaeleza kitu ambacho historia ya dawa za asili mara nyingi hukipita: kwamba ujuzi mkubwa wa tabibu ulikuwa katika kuizuia dawa isimdhuru mgonjwa.

Katika tiba ya Ayurveda ya India, kumharisha mtu kwa makusudi si kwa ajili ya choo kigumu tu. Ni matibabu kamili yaitwayo virechana, mojawapo ya matibabu makuu matano yanayojulikana kwa pamoja kama panchakarma. Tabibu wa Ayurveda, vaidya, huuona mwili kuwa unaendeshwa na nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Pitta ndiyo yenye asili ya moto. Ikizidi, mtu hupata joto, vidonda vya ngozi au manjano, na njia yake ya kutokea ni kwa chini. Kitabu cha tabibu Charaka, ambacho asili yake ni takriban miaka elfu mbili iliyopita, kina sehemu nzima, Kalpasthana, inayoshughulika na dawa za kutapisha na za kuharisha peke yake. Ina sura 12 na michanganyiko 600. Kati ya hiyo, 355 ni ya kutapisha na 245 ni ya kuharisha.

Charaka hakuziweka dawa hizo kapu moja. Mzizi wa mmea utambaao uitwao trivrit aliupa nafasi ya kwanza kati ya dawa zinazoharisha bila kumsumbua mgonjwa. Aragvadha, ule mti wenye vishada vya maua ya njano yanayoning'inia, aliusifu kwa upole wake. Utomvu wa snuhi, mmea wa jamii ya mnyaa, aliutaja kuwa ndio mkali kupita zote. Sura ya mwisho ya sehemu hiyo inahusu mimea miwili, danti na dravanti, na wako wataalamu wanaoona kwamba dravanti ni jayapala hii hii. Jina jayapala lenyewe lilipata nguvu baadaye, katika vitabu vya rasashastra, tawi la Ayurveda linalotumia zebaki, kiberiti na madini mengine pamoja na mimea. Hapo mbegu hii ikawa na makao yake.

Kabla ya kuelezea walivyoitumia, inafaa tuone mgonjwa alivyoandaliwa, maana hapa ndipo fikra yote ya virechana ilipo. Mgonjwa hakupewa dawa siku aliyofika. Kwanza alinyweshwa samli, kiasi kikiongezwa siku hadi siku, kwa muda wa siku tatu hadi saba. Kisha alipakwa mafuta na kutolewa jasho kwa mvuke. Ndipo, asubuhi ya siku iliyopangwa, akapewa dawa. Vaidya alihesabu safari za chooni: kumi zilihesabiwa kuwa kusafishwa kidogo, 20 kwa wastani, 30 kwa ukamilifu, na aliangalia kilichotoka hadi aone utelezi wa kapha ndipo aseme kazi imekwisha. Baada ya hapo mgonjwa hakurudi moja kwa moja kwenye sahani ya wali na mchuzi. Alianza na maji ya mchele, kisha uji mwepesi, kisha uji mzito, akipanda ngazi ya chakula polepole kwa siku kadhaa. Watoto wadogo, wazee, wajawazito na watu waliodhoofika hawakutiwa katika matibabu haya. Mtu anaweza kukataa nadharia ya pitta na bado akaheshimu utaratibu huo. Ni utaratibu wa watu waliokwisha kuona wagonjwa wakiharibika mikononi mwao, wakajifunza.

Mbegu nayo iliandaliwa. Jayapala mbichi haikuingia katika dawa. Iliandaliwa kwa hatua ziitwazo shodhana, yaani kuitakasa. Ganda gumu lilivuliwa, na mbegu ikapasuliwa katikati ili kile kijani chembamba kilicho ndani, chipukizi la mti ujao, kiondolewe na kutupwa. Vipande vilivyobaki vilifungwa kitambaani, vikaning'inizwa ndani ya chungu cha maziwa ya ng'ombe bila kugusa chini, vikachemshwa kwa saa kadhaa. Maziwa yalimwagwa. Kemia ya leo inaweza kueleza sehemu ya hekima hiyo: mbegu ina protini yenye sumu iitwayo krotini, ambayo joto huiharibu, na mafuta makali yanaweza kuhamia kiasi katika mafuta ya maziwa. Sumu haiishi yote. Inapungua.

Dawa mashuhuri iliyotengenezwa kwa mbegu hizo ni kidonge kiitwacho Ichchhabhedi Rasa, chenye jayapala iliyotakaswa, zebaki, kiberiti, boraksi na tangawizi kavu. Jina lake linabeba ahadi ya kuharisha kwa hiari. Mafundisho yake ni kwamba mgonjwa akinywa maji baridi, tumbo linaendelea kwenda, funda kwa funda. Akitaka kukoma, hunywa maji ya moto, na tumbo hutulia. Sitamshauri mtu yeyote kuitegemea breki ya namna hiyo, na zebaki nayo ina hatari zake. Lakini jambo lililowashughulisha waliotunga dawa hii lisipotee machoni: waliitafuta njia ya kuisimamisha kwa bidii ileile waliyoitafuta njia ya kuianzisha.

Wachina walifika mahali hapo hapo kwa njia yao. Mbegu hiyo kwao ni badou, na kitabu chao cha kale cha dawa, Shennong Bencao Jing, kiliiweka katika daraja la chini, daraja la dawa zenye sumu ambazo hazifai kutumiwa muda mrefu. Tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi kuelekea mwaka 200, ndiye anayehesabiwa kuwa chanzo cha kidonge cha vitu vitatu, badou, tangawizi kavu na mzizi wa rubabi, kwa ajili ya tumbo lililofungika ghafla na kuhatarisha maisha. Nao pia walijifunza kuikamua mafuta mbegu kabla ya kuitumia.

Wazungu waliikuta kupitia biashara ya viungo. Cristóbal Acosta, tabibu aliyewahi kufanya kazi India, aliieleza katika kitabu chake kilichochapishwa Burgos, Hispania, mwaka 1578, akihusisha mbegu hizo na visiwa vya Maluku. Lakini aliyeiweka mbele ya macho ya Ulaya kwa picha kubwa na maelezo marefu alikuwa Hendrik van Rheede, gavana wa Waholanzi katika pwani ya Malabar. Kitabu chake, Hortus Malabaricus, kilitoka Amsterdam kati ya 1678 na 1693, majuzuu 12, kikieleza mimea zaidi ya 700. Jayapala imo katika juzuu la pili, la mwaka 1679, kwa jina la Kimalayalam ambalo Rheede aliliandika Cadel-avanacu, yaani mbarika wa baharini.

Hapa lazima tumtaje mtu ambaye historia nyingi za dawa humpita kwa haraka. Rheede hakuyatoa maelezo hayo kichwani mwake. Aliyapata kwa vaidya wa Malabar, na wa kwanza wao alikuwa Itty Achudan, tabibu wa jamii ya Ezhava, jamii iliyodharauliwa katika mfumo wa matabaka ya Kihindu wa wakati ule. Achudan alitoa ushahidi wake kwa maandishi pale Cochin mwaka 1675, akieleza kwamba ametaja majina ya mimea, matumizi yake na nguvu zake kama alivyozijua kutokana na kitabu cha ukoo wake na uzoefu wake mwenyewe. Pamoja naye walikuwapo Wabrahmini watatu wa Kikonkani, Ranga Bhat, Vinayaka Pandit na Appu Bhat, nao walitoa ushahidi wao. Kurasa hizo za ushahidi zilichapishwa ndani ya kitabu kwa hati zao wenyewe. Kwa karne ile, kuchapisha ushahidi wa tabibu wa Kiasia kwa jina lake na hati yake lilikuwa jambo adimu, na Rheede anastahili sifa kwa hilo. Lakini kitabu kiliandikwa kwa Kilatini, na waliokisoma Ulaya walichukua mmea na kuwaacha walimu wake.

Katika Ulaya ya karne ya 17 mbegu hizo ziliuzwa katika maduka ya dawa kwa jina la mbegu za Maluku au mbegu za tilli. Kufikia mwisho wa karne ya 18 zilikuwa zimesahauliwa, na sababu haifichiki. Tabibu wa Amsterdam au London alipewa mbegu. Hakupewa chungu cha maziwa, wala siku saba za samli, wala ngazi ya uji. Aliyeimeza aliungua koo, akatapika, akaharisha damu, na pengine akafa kwa kukaukiwa maji.

Ilirudi kwa njia ya jeshi. Maofisa wa tiba wa Kiingereza waliokuwa India waliona wenyeji wakiitumia, na kuanzia mwaka 1812 hivi walianza kuipendekeza tena. Kati ya 1821 na 1824 maandishi ya Perry, Frost na Conwell, huyu wa mwisho akiwa daktari wa utumishi wa Madras, yaliifanya kuwa gumzo la madaktari wa London. Safari hii Waingereza hawakuchukua mbegu, walichukua mafuta yaliyokamuliwa. Kwa upande mmoja hilo lilikuwa la busara, kwa sababu tone linapimika kuliko mbegu. Kwa upande mwingine waliyachukua yale yale makali ambayo vaidya na mafundi wa badou walikuwa wakijitahidi kuyapunguza.

Mafuta hayo, yaitwayo mafuta ya kroton, yakapata kazi ambayo haikuwamo katika kitabu cha Charaka. Kwa kuwa tone moja lilitosha, na liliweza kuwekwa kwenye ulimi wa mtu asiyejitambua au kuchanganywa na kitu kingine bila yeye kujua, yalitumika kwa waliopooza ghafla, na kwa wagonjwa wa akili waliokataa chakula na dawa katika hospitali za vichaa za karne ya 19. Nadhani hapa ndipo historia ya mbegu hii inapotia uchungu. Dawa iliyozungushiwa samli, mvuke na hesabu ya safari za chooni ili mgonjwa asiumie, ikawa nzuri kwa sababu tu mgonjwa hakuweza kuikataa. Wengine waliipaka juu ya ngozi ya kifua au mgongo itoke malengelenge, wakiamini kwamba maumivu ya juu yatavuta ugonjwa wa ndani. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, madaktari wengi waliona kwamba madhara yake yanazidi faida, na mafuta hayo yakaanza kutoka taratibu katika vitabu vya dawa.

Hayakutoka katika maisha ya watu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la majini la Marekani liliyachanganya na spiriti iliyoendesha torpedo, ili mabaharia wasiinywe. Mabaharia nao wakabuni mitambo midogo ya kuchemsha spiriti hiyo na kuitenganisha na mafuta, wakaendelea kunywa. Huko Marekani pia, tangu miaka ya 1920, watu wasio madaktari waliwachuna ngozi za nyuso wateja waliotaka kurudi ujana, kwa mchanganyiko wa fenoli na matone machache ya mafuta ya kroton. Mwaka 1961 Thomas Baker wa Miami alichapisha mapishi yake ya kidaktari, na kwa karibu miaka 40 madaktari waliamini kuwa fenoli ndiyo inayochuna. Gregory Hetter alionyesha mwaka 2000 kwamba kiasi cha mafuta ya kroton ndicho kinachoamua ngozi itachunwa kwa kina gani.

Sura kubwa kuliko zote katika maisha ya mbegu hii iliandikwa katika maabara. Isaac Berenblum, mzaliwa wa Białystok aliyekulia na kusomea tiba Uingereza, alikuwa amegundua akiwa Leeds mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba gesi ya haradali, ambayo huiunguza ngozi vibaya, ilizuia uvimbe usitokee kwenye ngozi ya panya waliopakwa lami. Likamshangaza. Wengi waliamini kwamba kuiumiza ngozi tu kunatosha kuleta saratani. Akaanza kujaribu viunguzaji kimoja baada ya kingine, na alipofika kwenye kroton mambo yaligeuka. Mwaka 1941, akiwa Oxford, alieleza kwamba panya waliopakwa kiasi kidogo cha kemikali ya saratani, kiasi ambacho peke yake hakikufanya mengi, walitokwa na uvimbe kwa wingi walipopakwa pia kroton. Kroton peke yake karibu haikuleta kitu.

Pamoja na Philippe Shubik, mwaka 1947 alilipanga jaribio likawa safi zaidi. Panya alipakwa kemikali ya kwanza mara moja tu. Kisha alipakwa kroton mara kwa mara, na uvimbe ukatokea hata kroton ilipocheleweshwa kwa wiki nyingi. Walipogeuza mpangilio, kroton ikaanza na kemikali ikafuata, uvimbe haukutokea. Ilikuwa kama mbegu iliyolala udongoni ikingoja mvua. Kwa hiyo saratani, angalau katika ngozi ya panya, haikuja kwa pigo moja. Kulikuwa na hatua ya kuianzisha seli na hatua ya kuisukuma, na kila hatua ilikuwa na visababishi vyake. Wazo hilo la hatua mbili limekuwa katika msingi wa elimu ya saratani tangu wakati huo, nalo lilisimama juu ya mafuta ya jayapala.

Swali likawa ni kitu gani ndani ya mafuta kinachosukuma. Msingi wake, forboli, ulikuwa umepatikana tangu mwaka 1934. Katika miaka ya 1960 Erich Hecker huko Heidelberg na Benjamin Van Duuren huko New York walizitenga esta zake, na kali kuliko zote ikapewa jina fupi la TPA. Kisha mwaka 1982 kundi la Yasutomi Nishizuka katika Chuo Kikuu cha Kobe lilionyesha inavyofanya kazi: TPA inajifanya mjumbe wa asili wa seli na kuiwasha protini iitwayo protini kinasi C, ambayo ni swichi ya ukuaji na uvimbe. Mjumbe wa asili huvunjwavunjwa upesi. TPA haivunjiki kwa urahisi, na swichi hubaki imewaka. Molekuli hiyo sasa inauzwa kwa miligramu na kutumiwa katika maabara za dunia nzima. Mwaka 1998 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wa saratani ya damu huko China TPA kwa mshipa, ili kuzilazimisha seli zilizokataa kukomaa zikomae.

Majaribio ya Berenblum yalikuwa ya ngozi ya panya iliyopakwa mara nyingi, na hayamaanishi kwamba kila aliyewahi kumeza kidonge cha vaidya ameletewa saratani. Lakini yanatosha kumfanya mtu mwenye akili asiizoee mbegu hii.

Na sisi huku si wageni kwa esta hizo za forboli. Mbono kaburi, ule mti wa uzio uliotoka Amerika ya Kati na kuenezwa na Wareno, unazo za kundi hilo hilo katika mbegu zake. Ndiyo sababu mtoto anayezitafuna huishia kutapika na kuharisha. Pia ndiyo sababu, wakati miradi ya dizeli ya mbono ilipovuma Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashudu yake hayakuweza kulishwa mifugo kama mashudu ya pamba au alizeti.

Nchini India jayapala bado inatumika, kwa sheria. Kanuni zinazotokana na Sheria ya Dawa na Vipodozi ya mwaka 1940 zina jedwali, E(1), linaloorodhesha vitu vyenye sumu katika dawa za Ayurveda, Siddha na Unani. Jayapala imo, pamoja na danti na datura, na dawa yenye kitu cha orodha hiyo lazima iandikwe tahadhari kwamba itumiwe chini ya uangalizi wa tabibu. Kwa hiyo ukiuziwa dawa ya kusafisha tumbo inayosifiwa kwa ukali wake, dukani au kwa ujumbe wa simu, uliza jina la mmea uliomo. Ukisikia jayapala, jamalgota au kroton, na anayekuuzia hawezi kukuambia mbegu ilitakaswaje wala kiasi chake, usiinunue, na usimpe mtoto, mzee wala mjamzito. Aliyekwisha kuimeza na anaharisha bila kukoma apewe maji yenye chumvi na sukari kama anaweza kunywa, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.